Majina ya wahusika wa fantasia yapimwe ndani ya sentensi

Mhariri,

Hadithi za fantasia zinazidi kuingia kwenye kurasa za magazeti ya Kiswahili na kwenye meza za wachapishaji. Sisi tunaohariri miswada ya aina hiyo tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu majina. Visa vyenyewe si haba: kuna falme chini ya bahari, mapanga yanayosema, mabinti wanaogeuka mvua. Kinachokwenda mrama ni majina. Shujaa anaitwa Elthrin, adui Vor'khan, mji wao Dra'zul, na wote wanakula wali kwa samaki na kuamkiana "shikamoo". Msomaji anakwama ukurasa wa kwanza kwa sababu majina hayo hayatamkiki wala hayakubali kuvaa viambishi.

Ushauri ambao waandishi wengi wanaufuata umetoka kwenye vitabu vya Kiingereza vya kufundisha utunzi, navyo vimeandikwa kwa lugha isiyo na ngeli. Kwa Kiswahili kipimo ni kingine. Jina la kubuni liwekwe ndani ya sentensi, lipewe kitenzi, lisomwe kwa sauti, ndipo lipite. Likisimama peke yake kwenye daftari, kila jina ni zuri.

Tuanze na ritifaa, ile alama inayopachikwa katikati ya jina ili lionekane la ajabu. Kwetu alama hiyo ina kazi yake tayari: inatenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Msomaji akikuta Ng'waro anajua alitamkeje. Akikuta Dra'zul hajui apumzike, ameze sauti, au apite kama hakuna kitu, na wasomaji watatu watatoa majina matatu. Anayeipenda alama hiyo aitumie palepale kwenye ng', na atapata sauti yenye uzito, maana masikio ya wengi wetu yameshamsikia Ng'wanamalundi, yule mtu wa miujiza wa masimulizi ya Wasukuma. Herufi q na x hazimo katika abjadi yetu, na c haisimami bila h. Halafu silabi ya Kiswahili huishia na irabu na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo Vor'khan mdomoni mwa msomaji atageuka Vorikani, mwandishi apende asipende. Heri alitengeneze mwenyewe tangu mwanzo kuliko kuwaachia wasomaji kazi hiyo.

Kusoma kwa sauti kuna faida nyingine. Watu wengi wa bara hutamka dh kama z, th kama s, gh kama g na kh kama h, na kuna maeneo mengi ambako r na l hupokezana bila mtu kujali. Mwandishi akiwa na ndugu wawili, Kira na Kila, ameshapoteza mmoja wao, tena huyo wa pili atagongana na "kila" ya kila siku. Dhari na Zari watakuwa mtu mmoja redioni. Thura na Sura hivyo hivyo, na huyu Sura ana balaa zaidi kwa kuwa kitabu chenyewe kina sura ya kwanza na ya pili. Jina likibadilika kwa kosa la kawaida la utamshi na kuwa jina la mhusika mwingine, moja liondoke.

Sasa ngeli. Mwandishi wa fantasia habuni mtu tu, anabuni taifa, na taifa kwa Kiswahili linahitaji maumbo manne: mtu mmoja, watu wengi, nchi yao na lugha yao. Mzizi unaofaa ni ule unaobeba maumbo yote manne bila kugongana na neno lililopo. Chukua mzizi "lima", mfupi na mtamu sikioni. Mtu wa huko ni Mlima, lugha yake ni Kilima, na "Walima walilima" ni sentensi ya kumchekesha mtoto. Chukua "vuli": Mvuli, Uvuli, Kivuli, yote matatu yana maana ya kivuli kwa namna moja au nyingine, na mhusika atakayezungumza Kivuli atahitaji maelezo ya ukurasa mzima. Sasa chukua "sadoro": Msadoro, Wasadoro, Usadoro, Kisadoro. Hakuna lililogongana, na zaidi ya hapo unapata "alivaa kisadoro" na "walimzika kisadoro" bila gharama. Hilo ndilo jina linalozaa. Mizizi kumi iandikwe kwenye karatasi, kila mmoja upewe maumbo manne, yote yatafutwe kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kwa kawaida nusu huanguka hapohapo.

Mizizi inayoanza na irabu inasumbua. Watu wa "aro" ni Waaro kama Waarabu, au Waro kama wana? Nchi yao ni Uaro au Waro? Mwandishi asipoamua siku ya kwanza, mswada utakuwa na maumbo yote na msomaji atadhani ni mataifa mawili. Mizizi inayoanza na m ina shida nyingine: Mmakonde na Mmasai tumewazoea, lakini jina jipya lenye m mbili mwanzoni, kama Mmoruri, msahihishaji prufu ataifuta m moja akidhani ni kosa la chapa. Unaoanza na ki- nao ni wa kuangaliwa. Wakinga wa Makete wanasema Kikinga na hakuna anayeshtuka, lakini taifa la kubuni la Wakitoa lenye lugha ya Kikitoa linampa msomaji kigugumizi.

Jina la mtu mmoja lina mtego wake, na mtego huo uko mwanzoni mwa neno. Viambishi vya nafsi na njeo viko mbele ya kitenzi, kwa hiyo jina lolote jipya linaloanza na a-, ana-, ali-, ame- au ata- litasomwa kwanza kama kitenzi. "Atamo alinyamaza." Jicho limeshaanza kuchambua a-ta-mo kabla ubongo haujasema kumbe ni mtu. Asha, Amina na Ali hawana tatizo hilo kwa kuwa tumewazoea tangu utotoni. Mgeni hana msamaha huo. Herufi kubwa inasaidia katikati ya sentensi. Mwanzoni mwa sentensi haisaidii kitu, na kwa anayesikiliza haipo kabisa.

Majina ambayo ni maneno ya kawaida, kama Shida, Tabu, Neema na Sikudhani, yanaokolewa na upatanisho. "Shida alipoingia, wote walinyamaza" ni mtu. "Shida ilipoingia" ni njaa au deni. Mwandishi mjanja anaweza kucheza na tofauti hiyo ya herufi moja sura nzima, akamwacha msomaji asijue aliyeko mlangoni ni nani. Ila lazima ajue pia pale ambapo upatanisho haupo: kwenye kichwa cha sura ("Shida Mlangoni"), kwenye orodha, na kwenye wito. Hapo msomaji hana cha kushika.

Vitu na viumbe vyenye majina ndiyo sehemu inayozua ubishi mwingi mezani kwa mhariri. Upanga ukiitwa Radi, tuandike "Radi alimetameta", "Radi ilimetameta" au "Radi ulimetameta"? Mazoea ya wasemaji yanatupa njia. Tunasema MV Bukoba ilizama mwaka 1996 kwa kuwa ni meli, Rufiji umefurika kwa kuwa ni mto, na kila shabiki wa mpira anajua kwamba "Simba imefungwa" ni habari ya michezo ilhali "simba amefungwa" ni habari ya mbugani. Jina la kitu hufuata ngeli ya kile kitu. Basi upanga uitwao Radi "ulimetameta" maadamu ni chuma. Siku utakapofungua kinywa na kumshauri shujaa, mwandishi anaruhusiwa kuuhamishia kwenye a-, na msomaji atahisi kwamba kuna kitu kimebadilika hata asipoambiwa. Kosa ni kuyumba: ukurasa wa 12 "alimetameta", wa 13 "ilimetameta", wa 30 "ulimetameta", bila sababu.

Zimwi vilevile. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, yaani li-, ngeli ya kitu kikubwa cha kutisha. Wakati huohuo wasimulizi wengi leo husema "zimwi akaja". Yote mawili ni Kiswahili. Pendekezo letu ni kwamba zimwi lisilo na jina libaki kwenye li-, na likipewa jina liingie kwenye a-. Kupewa jina ndiko kunakolifanya mhusika. Kibwengo ana ki- ya umbo lakini huchukua a- kama kiumbe mwingine, na mwandishi akiandika "kibwengo kilicheka" amemshusha kwa makusudi, sawa na kumwita mtu "kijitu". Ji- nayo hukuza: jitu, joka, jibwa. Viambishi hivi ni mali. Mwandishi wa Kiingereza anahitaji kivumishi ili aseme kiumbe ni kikubwa na kibaya, sisi tunabadilisha silabi ya kwanza tu. Ajabu ni kwamba vijana wetu wanaviacha na kwenda kukopa majina ya mazimwi ya Ulaya Kaskazini, wakati chunusi, kinyamkera, nunda na vibwengo wamekaa hapa wakisubiri kazi.

Kuna jambo ambalo mwandishi hulisahau kwa sababu yeye anamwona mhusika wake kichwani: "yeye" haisemi mume wala mke. Kwa majina tuliyoyazoea hakuna shida. Kwa jina la kubuni msomaji anaweza kwenda kurasa 40 akidhani Nerimo ni mwanamume, kisha ghafla Nerimo ananyonyesha. Na asidhani irabu ya mwisho itamwokoa, kwamba jina linaloishia na -a ni la kike. Juma, Musa, Issa, Hamza na Mustafa wote ni wanaume. Dawa iko kwenye vyeo na undugu. Pwani ya zamani ilikuwa na Mwana kwa wanawake wa heshima, kama Mwana Mkisi wa Mombasa na Mwana Khadija wa Pate, na Fumo au Mwinyi kwa wakuu, kama Fumo Liyongo na Fumo Madi. Mwandishi anaweza kubuni cheo chake kwa mtindo huohuo, mradi kiwe kifupi, cha silabi mbili, na kitumike mara ya kwanza kabisa jina linapotajwa. Istilahi za undugu zinafanya kazi haraka zaidi. Mhusika mmoja akimwita mwenzake "wifi", tayari tunajua kwamba wote wawili ni wanawake na kwamba kuna ndoa kati ya nyumba zao. Neno moja, habari tatu. Mjomba na shangazi nazo hutaja jinsia ya anayeitwa.

Mtindo wa majina matatu, wa visiwani hasa, nao ni hazina: jina la mtu, la baba, la babu. Sarimo Kudu Hendo ni mwana wa Kudu na mjukuu wa Hendo. Baadaye akitokea Hendo Kudu Hendo, msomaji wa Unguja au Pemba haambiwi kwamba huyu ni ndugu yake Sarimo aliyerithi jina la babu yao. Nasaba ya vizazi vitatu imekwisha kusemwa bila aya ya maelezo.

Kabla ya kuchukua jina lililopo, mwandishi aangalie linabeba nini. Juma na Khamisi yanataka wiki ya siku saba. Rajabu, Shaabani na Ramadhani yanataka miezi ya Kiislamu. Yohana anataka Injili. Katika ufalme ambao hauna kimojawapo, majina hayo yanatoboa pazia. (Juma wa Manzese aliyedondokea katika ufalme wa ajabu ni habari nyingine, huyo ana haki zote za kuitwa Juma, na kadiri jina lilivyo la kawaida ndivyo ajabu inavyokolea.) Kinachofaa kukopwa ni utaratibu wa kutoa majina. Waluo, kwa mfano, humtaja mtoto kwa wakati aliozaliwa: Okinyi na Akinyi wa asubuhi, Ochieng' na Achieng' wa jua kali, Odhiambo na Adhiambo wa jioni, Otieno na Atieno wa usiku. O- ni ya kiume, A- ni ya kike. Waluhya wana Wekesa na Nekesa wa mavuno, Wafula na Nafula wa mvua. Msomaji akikutana na majina manne ya namna hiyo huanza kuyafumbua mwenyewe, na raha ya kufumbua ndiyo inayomfanya aamini kwamba nchi hiyo ipo.

Basi atengeneze wake. Tuseme Sa- iwe ya kiume na Ne- ya kike, kisha mizizi minne: -rimo kwa wa alfajiri, -kudu kwa wa mchana, -hendo kwa wa machweo, -lwasi kwa wa usiku wa manane. Kwa vipande sita ana majina manane: Sarimo na Nerimo, Sakudu na Nekudu, Sahendo na Nehendo, Salwasi na Nelwasi. Mizizi mitupu, Rimo, Kudu, Hendo na Lwasi, aiweke kwa wazee, kana kwamba vizazi vya nyuma havikuwa na viambishi. Msomaji akishajua siri hiyo, atamtambua mzee kwa jina tu kabla ya kuambiwa kwamba ana mvi. Viambishi vya kukwepa ni a-, wa-, u-, ni-, tu-, m-, ki-, ku- na ha-, kwa sababu vyote vina kazi kwenye kitenzi au nomino. Tatizo la mtindo huu ni pacha: Sarimo na Nerimo wakiwekwa kwenye tukio moja watachanganyana, isipokuwa kama ni pacha kweli na mwandishi anataka wachanganyane.

Kuhusu majazi, yaani majina yanayotaja tabia ya mhusika. Shule zimetufundisha neno hilo na mitihani huliuliza kila mwaka, ndiyo maana kijana akikaa kuandika humwita mwema Wema na mchoyo Mchoyo. Shaaban Robert alifanya hivyo kwa kukusudia. Katika Adili na Nduguze (1952) wale ndugu wawili waliogeuzwa manyani wanaitwa Hasidi na Mwivu, na katika Kusadikika (1951) waziri mshitaki ni Majivuno. Lakini vile ni vitabu vya istiara. Msomaji hasubiri kujua Majivuno ni mtu wa namna gani, anasubiri kusikia hoja za mshitakiwa, Karama, mbele ya mfalme. Fantasia ya siku hizi inaishi kwa mashaka: nani msaliti, nani mrithi. Ukimwita msaliti Hasidi, umemkabidhi msomaji ufunguo ukurasa wa tatu. Katama Mkangi alipata njia ya kati alipoiita nchi na riwaya yake Walenisi (1995). Jina linasikika kama la ugenini mpaka ulikate: wale ni sisi.

Anayetaka maana ifichike ana njia mbili nyingine za nyumbani. Ya kwanza ni kinyume, ule mchezo wa zamani wa kuhamisha silabi ya mwisho na kuiweka mwanzoni, nyumba ikawa mbanyu. Fitina inakuwa Nafiti, hila inakuwa Lahi, kisasi kinakuwa Sikisa, giza linakuwa Zagi, dhuluma inakuwa Madhulu. Hayo ni majina kamili, yana irabu mwisho, yanatamkika, na msomaji mmoja kati ya wengi atagundua na kuwaambia wenzake. Ila kila tokeo lipitishwe kwenye ramani. Mauti kwa kinyume ni Timau, na Timau ni mji wa watu kule Meru, Kenya. Mfalme wa wafu hawezi kuitwa hivyo bila kuwaudhi wanaoishi huko kwa amani. Njia ya pili ni lahaja. Kiamu, lahaja ya Lamu, husema nti kwa nchi, ndia kwa njia, mato kwa macho. Mwandishi akiifanya ch kuwa t na nj kuwa nd kwa taifa zima, atapata mahali paitwapo Ndiapanda na mlinzi aitwaye Matomanne, majina ambayo msomaji wa Dar es Salaam anayaelewa nusu, na wa Lamu anayaelewa yote na kutabasamu. Kanuni ikishawekwa isivunjwe. Jina moja likifuata na jingine lisifuate, wa Lamu ndiye atakayeandika barua ya malalamiko.

Mahali ni rahisi zaidi. Chukua mti au umbo la ardhi, ongeza -ni, kama Mikocheni ilivyotoka kwenye mikoche, Mkwajuni kwenye mkwaju, na Shimoni ya Kwale kwenye shimo. Mti wa kubuni "msaro" unatoa Misaroni, na msomaji anaanza kuuona huo msaro bila kuelezwa. Jina lisilo na -ni lisiongezewe: "alikwenda Usadoro" inatosha.

Sasa lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Sauti za majina zina asili, na asili ina siasa. Kwa sikio la Kiswahili, dh, gh na kh humpeleka msomaji upande wa Kiarabu, na mb, nd, nz na ng'w upande wa Kibantu. Ni vizuri kulitenganisha taifa moja na jingine kwa sauti: chagua konsonanti nane au tisa kwa kila taifa, na angalau nne zisiwepo kwa jirani yake. Lakini ikiwa wafalme wote ni akina Ghalibu na Khatari, na wapagazi wote ni akina Nzowe na Mbago, hadithi imeshasema jambo kuhusu historia ya pwani hii ambalo pengine mwandishi hakukusudia. Majina kama Mabruki, Farajala na Feruzi yalikuwa yakipewa watumwa na mabwana zao katika karne ya 19. Leo ni majina ya watu wengi wenye heshima zao, ila mwandishi anayempa mwana wa mfalme jina la Feruzi kwa kuwa ni kito cha thamani ajue kwamba wapo watakaolisikia tofauti. Na Kenya, ambako jina la ukoo humtaja mtu kabila kabla hajafungua mdomo, mchawi mla watu mwenye jina linalofanana na la jamii fulani atasomwa kama tusi kwa jamii hiyo. Hakuna utetezi wa "nilibuni tu". Tanzania peke yake ina lugha zaidi ya 120. Jina liulizwe kwa watu watano au sita wa lugha tofauti kabla ya kuchapishwa, maana kuna maneno ambayo huku ni jina zuri la binti, na kule hayatajwi mbele ya mkwe.

Lakabu tuipitie kwa haraka. Mirambo alizaliwa akiitwa Mtyela, na Tippu Tip ni Hamed bin Muhammed. Mtu kuwa na majina mawili au matatu ni kawaida kwetu na kunapendeza. Kosa ni pale msimulizi mwenyewe anapoyatumia yote matatu ukurasa mmoja. Msimulizi ashike moja, mengine yabaki vinywani mwa wahusika: adui amwite kwa lakabu, mama yake kwa jina la utotoni, jirani amwite Baba Nelwasi.

Kabla mswada haujaondoka nyumbani, uandaliwe ukurasa mmoja wa majina wenye safu tano: jina, herufi ya kwanza, idadi ya silabi, irabu ya silabi yenye mkazo, irabu ya mwisho. Majina mawili yakilingana katika safu tatu kati ya hizo nne za kupimia, moja libadilishwe. Ule ushauri wa Kiingereza wa kuhakikisha kila mhusika ana herufi yake ya kwanza haututoshi, kwa kuwa majina yetu yamejazana kwenye M na irabu za mwisho ni tano tu. Mwanahawa, Mwanaidi na Mwanakombo wanatofautishwa na mkia, si kichwa. Makame, Makane na Makale hawatofautishwi na chochote.

Na akibadilisha jina kwa kompyuta, aangalie. Mwandishi anayeamuru programu iweke Toro kila penye Ali atapata "Toropofika", "kToro" na "mToro" kitabu kizima, kwa sababu "ali" imo ndani ya vitenzi vyetu vya wakati uliopita, imo kwenye kali, mali na hali. Chaguo la kutofautisha herufi kubwa halitoshi, maana "Alipofika" ya mwanzo wa sentensi itaharibika vilevile. Lazima achague neno zima. Kisha atafute upya kwa jina la zamani, asome kila tokeo kwa jicho, hasa kwenye ushairi na nyimbo zilizomo, ambako jina jipya lenye silabi moja zaidi huvunja mizani.

Ombi letu la mwisho ni kwako, Mhariri. Hadithi ya mfululizo ikiwa na wahusika zaidi ya wanne, chapisha kisanduku kidogo cha majina juu ya kila toleo, kisizidi mistari sita. Kila mstari uwe na jina, undugu na tendo moja la hivi karibuni: "Nekudu, wifi yake Nelwasi, ameficha upanga." Msomaji aliyekosa gazeti la wiki iliyopita ataingia moja kwa moja. Na mwandishi akishindwa kuandika mstari huo mmoja kwa mhusika fulani, mwambie amwache bila jina, amwite mvuvi au mlinzi, yatosha.

Wahariri wa miswada ya riwaya,
Dar es Salaam